MAISHA YA IMAMU SHAFI, YATIMA ALIYESOMA BILA YA ADA

Dibaji

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Himdi ni zake Yeye aliyewatukuza waja wake kwa elimu na ucha Mungu, si kwa mali wala kwa nguo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekua yatima akawa mwalimu wa walimwengu, na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu msomaji, sababu ya kuandika kijitabu hiki ni jambo lililonipata mimi mwenyewe, nami silifichi, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia mama mmoja mjane, amemshika mkono mwanawe, mtoto wa yapata miaka saba, na juzuu iliyochakaa kwapani. Akaniomba nimtie mtoto chuoni. Nikamtajia ada ya mwezi na bei ya vitabu. Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kwamba kwa sasa hana, illa siku atakayojaaliwa ataleta. Nami siku ile nilikuwa nimechoka, na kodi ya nyumba ya chuo ilikuwa imenikabili. Nikamwambia aende akatafute, na akishapata aje. Akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Yule mtoto akageuka mara mbili kuutazama ubao.

Usiku wake nikakaa kutazama somo la kesho, na somo lenyewe lilikuwa ni khabari za Imamu wetu, Imamu Shafi, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie. Nikafika pale panapotajwa kwamba mama yake hakuwa na cha kumpa mwalimu. Nikakifunga kitabu, nisiweze kuendelea. Nikajiuliza: kama mwalimu wa Makka angalimjibu mama yule kama nilivyojibu mimi, sisi leo tungalisoma nini?

Basi nimeyaandika haya kwanza kwa kuionya nafsi yangu, kisha kwa kuwakumbusha walimu wenzangu, na wasimamizi wa madrasa, na wazazi, na matajiri wetu. Sikukusudia kueleza kila khabari ya Imamu, kwani hizo ni bahari. Nimekusudia jambo moja: namna elimu ilivyomtoa mtoto fakiri katika unyonge, na namna mtoto huyo alivyopata kuwa mtu mzima asiufunge nyuma yake mlango alioingilia.

Nasaba yake na kuzaliwa kwake

Jina lake ni Muhammad bin Idris bin al-Abbas bin Uthman bin Shafi, na kwa babu yake huyo Shafi ndiko alikonasibishwa. Ni Mkureshi wa Bani Muttalib, na nasaba yake inakutana na nasaba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa babu yao Abdi Manafi. Alizaliwa Ghaza, katika nchi ya Sham, mwaka 150 wa Hijra, nao ni mwaka 767 wa Miladi. Mwaka huo huo ndio aliofariki Imamu Abu Hanifa huko Baghdadi. Taa moja ikazimika na nyingine ikawashwa.

Baba yake, Idris, alifariki yeye angali mchanga, wala hakumwachia mali ya kutajwa. Alichomwachia ni nasaba tu, na nasaba haipikwi ikaliwa. Mama yake alikuwa wa kabila ya Azdi, kabila yenye asili ya Yaman. Imepokewa kwamba alikhofu mwanawe asije akakulia mbali na jamaa za baba yake na nasaba yake ikapotea. Akamchukua, na umri wake ni miaka miwili, akasafiri naye mpaka Makka. Na tufikiri, ndugu zangu, safari ya mjane na mtoto mchanga kutoka Ghaza mpaka Makka katika zama zile za ngamia na majangwa. Hakusafiri kutafuta biashara. Alisafiri ili mwanawe akulie mahali penye watu wake na penye elimu.

Wala asidhani mtu kwamba ufakiri wa mama huyu ulikuwa ni ufakiri wa akili. Imepokewa kwamba aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kadhi wa Makka, pamoja na mwanamke mwingine. Kadhi akataka kuwatenga, amsikilize huyu peke yake na yule peke yake. Mama yake Imamu akamkatalia, akamtolea dalili katika Qur'ani kwamba wanawake wawili wametakiwa katika ushahidi ili mmoja akisahau mwenziwe amkumbushe. Na aliyetengwa na mwenziwe hawezi kukumbushwa. Kadhi akaikubali hoja yake. Mtu aliyelelewa na mama kama huyu, si ajabu akaja kuwa mtu wa hoja.

Chuoni Makka

Walikaa Makka katika dhiki. Mama akamtia mwanawe chuoni, wala hakuwa na cha kumpa mwalimu. Imepokewa kwamba mwanzo mwalimu hakuwa akimshughulikia sana, kwa kuwa hakuna alicholeta. Lakini mtoto alikuwa akisikiliza kila wanachofundishwa wenziwe, akakishika pale pale. Mwalimu akiinuka kwenda katika haja zake, yeye huketi akawasomesha wenziwe kile alichokisikia. Mwalimu akaona kwamba faida anayoipata kwa mtoto huyu ni kubwa kuliko ada ambayo angaliichukua kwake. Akaridhika awe akimshikia chuo anapoondoka, wala asimtake kitu. Basi akahifadhi Qur'ani yote, na umri wake ni miaka saba.

Nawaomba walimu wenzangu tusimame hapa kidogo. Mwalimu yule hakufanya jambo kubwa machoni pa watu. Hakujenga msikiti, wala hakuandika kitabu tunachokisoma. Alisamehe ada ya mtoto mmoja, akampa kazi ndogo ya kumtia moyo na kumhifadhia heshima yake, asijione kwamba anasoma kwa kuhurumiwa. Sisi tunamtaja Imamu kila siku, na mwalimu yule hatumtaji. Lakini ni nani ajuaye ujira wake ni mkubwa kiasi gani? Kila anayetia udhu kwa madhehebu haya, na kila kadhi aliyehukumu kwayo, na kila mtoto aliyeisoma Safina mbele ya mwalimu wake, wote hao wamepita katika mlango ule mmoja.

Mifupa na mtungi

Alipohitimu Qur'ani aliingia msikitini, akawa akikaa na wanavyuoni, akisikia Hadithi na mas-ala akihifadhi. Nyumba yao ilikuwa Makka katika bonde la Khayf. Mama yake hakuwa na fedha za kumnunulia karatasi, na karatasi zama zile zilikuwa ghali. Basi akawa akitazama mfupa mpana unaong'aa, kama mfupa wa bega la mnyama, akiuokota na kuandika juu yake Hadithi au mas-ala. Mfupa ukijaa huutia katika mtungi wa zamani uliokuwamo nyumbani mwao. Na mara nyingine alikwenda katika diwani ya serikali, akaomba karatasi zilizokwisha kuandikwa upande mmoja, akaandika nyuma yake.

Naona watoto wetu leo wanatupa daftari lenye nusu ya kurasa tupu, kwa kuwa jalada limechanika. Siwalaumu, kwani hawakuonyeshwa. Lakini naona ni wajibu wetu tuwasimulie khabari ya mtungi ule. Nyumba ile haikuwa na hazina nyingine yenye thamani kuliko mifupa iliyojaa wino.

Kisha akaona kwamba asiyeijua lugha ya Kiarabu sawasawa hawezi kuifahamu Qur'ani sawasawa. Akatoka Makka akaenda kukaa jangwani na kabila ya Hudhayl, nao walikuwa katika Waarabu wenye ufasaha mkubwa. Akakaa nao, akihama wanapohama na akishuka wanaposhuka, mpaka akazihifadhi tungo zao na akaijua lugha yao. Hata al-Asma'i, bingwa wa lugha katika zama zile, imepokewa kwamba alizisahihisha tungo za Hudhayl mbele ya kijana huyu wa Kikureshi. Aliporejea Makka akashika fiqhi kwa Muslim bin Khalid aliyeitwa Zanji, mufti wa Makka, na Hadithi kwa Sufyan bin Uyayna. Imepokewa kwamba huyo Muslim bin Khalid alimpa idhini ya kutoa fatwa, na umri wake ni kama miaka kumi na mitano.

Mlangoni kwa Imamu Malik

Wakati huo jina la Imamu Malik bin Anas wa Madina lilikuwa limeenea kila mahali, na kitabu chake, Muwatta, kikitamaniwa na kila mwanafunzi. Kijana wetu hakuwa na thamani ya kukinunua. Akakiazima kwa mtu mmoja wa Makka, akakihifadhi chote kwa moyo, kisha akakirudisha kwa mwenyewe. Imepokewa kwamba umri wake wakati huo ulikuwa ni miaka kumi tu. Wenye mali walikuwa na kitabu katika sanduku, naye alikuwa nacho kifuani.

Alipotaka kwenda Madina alichukua barua ya liwali wa Makka kwa liwali wa Madina, ili amfikishe kwa Malik. Imepokewa kwamba liwali wa Madina alipoisoma alisema kwamba kutembea kwa miguu mitupu mpaka Makka ni kwepesi kwake kuliko kusimama mlangoni kwa Malik, kwa haiba aliyokuwa nayo Imamu yule. Hata hivyo walikwenda, wakangoja mlangoni mpaka wakaruhusiwa. Malik alipojua kwamba amemjia kwa barua ya serikali hakupendezwa, kwani elimu ya Mtume haitafutwi kwa barua za wakubwa. Lakini kijana alipomweleza khabari yake, Malik alimtazama, naye alikuwa ni mtu wa firasa, akamwusia amche Mwenyezi Mungu na ajiepushe na maasi, akamtabiria jambo kubwa. Kesho yake kijana akaanza kuisoma Muwatta kwa moyo, bila ya kutazama kitabu. Kila alipokhofu asimchoshe Malik akataka kukoma, Malik akapendezwa na usomaji wake na ufasaha wake, akamtaka azidishe. Aliendelea kuchukua elimu kwake, na Malik akafariki mwaka 179 (795).

Ndugu msomaji, tazama: barua haikumsaidia, nasaba haikumsaidia, mali hakuwa nayo. Kilichomfungulia ni kile alichokihifadhi usiku kwa taa ya mama yake.

Yaman, mashaka, na mzigo wa vitabu

Baada ya hayo umasikini ulikuwa ungali naye, na ilimpasa kutafuta riziki. Ikapatikana kazi ya serikali katika nchi ya Yaman, Wakureshi wakamsemea kwa mkuu wa huko amchukue. Imepokewa kwamba mama yake hakuwa na cha kumpa cha safari, hata wakaweka nyumba rehani kwa dinari kumi na sita. Akafanya kazi katika nchi ya Najrani kwa uadilifu. Watu wa huko walizoea kuwashawishi wakubwa kwa zawadi na sifa. Kwake yeye hawakupata njia. Na mwadilifu hakosi adui. Mwaka 184 (800) akatuhumiwa, yeye pamoja na wengine, kwamba wanataka kumwondoa Khalifa, akapelekwa Iraki mbele ya Harun al-Rashid akiwa katika hatari ya kuuawa. Mwenyezi Mungu akamwokoa kwa hoja yake, na kwa Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, aliyemsemea kwa wema.

Mwingine angalitoka hapo akaenda zake na kushukuru kwamba roho yake imesalimika. Yeye alikaa Baghdadi akawa mwanafunzi wa Muhammad bin al-Hasan, akaisoma fiqhi ya watu wa Iraki kama alivyosoma fiqhi ya watu wa Hijazi. Imepokewa kwamba alitumia dinari sitini katika kuvipata vitabu vya mwalimu huyo, na kwamba elimu aliyoiandika kwake ilikuwa ni mzigo wa ngamia. Mtoto aliyekuwa akiokota mifupa sasa ana vitabu vya kubebwa na ngamia, na bado anajiita mwanafunzi.

Namna alivyowafungulia wengine

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Wako watu wengi waliotoka katika umasikini kwa elimu, lakini walipofika juu waliivuta ngazi. Imamu Shafi hakuwa hivyo, na dalili zake ni nyingi. Nitataja nne.

Ya kwanza ni ukarimu wake. Imepokewa kwamba safari moja alirudi kutoka Yaman na dinari elfu kumi. Akapiga hema yake nje ya mji wa Makka, watu wakamjia kumwamkia, na hakuondoka mahali pale mpaka alipokwisha kuzigawa zote. Na mwanafunzi wake al-Rabi bin Sulayman alipooa, Imamu alimwuliza mahari ni kiasi gani, akaambiwa ni dinari thelathini. Akauliza ametoa ngapi, akaambiwa sita. Imamu akampelekea ishirini na nne zilizobaki. Aliyeonja njaa ya mwanafunzi hamwachi mwanafunzi na njaa.

Ya pili ni kuiandika elimu iwe wazi kwa watu. Zama zake, njia ya kutoa hukumu katika Qur'ani na Hadithi ilikuwa imo zaidi vifuani mwa mabingwa. Aliyetaka kuijua ilimlazimu akae nao miaka mingi, na si kila mtu ana nauli ya kwenda Madina au Kufa. Abdul Rahman bin Mahdi, mwanachuoni wa Basra, akamwomba amwandikie kitabu cha kueleza mambo hayo. Imamu akamwandikia Risala, na ndicho kitabu cha kwanza kilichotufikia katika elimu ya misingi ya fiqhi. Akaeleza humo namna ya kuifahamu Qur'ani, na daraja ya Hadithi, na ijmai, na kiasi na mipaka yake. Kwa kitabu hicho kila mwenye kusoma alipewa mizani mkononi. Kisha hakutaka watu wamfuate kwa upofu. Mwanafunzi wake al-Muzani ametaja mwanzo wa Mukhtasari wake kwamba Imamu amekataza kufuatwa yeye au mwingine bila ya mtu kuiangalia dini yake mwenyewe. Na imepokewa kwamba alitamani watu wajifunze elimu yake yote pasiwe na herufi moja inayonasibishwa kwake.

Ya tatu ni kwamba alimpa kila mtu wakati wake. Alifundisha katika Msikiti wa Makka, na huko ndiko alikokaa mbele yake Ahmad bin Hanbal, naye pia ni yatima aliyelelewa na mama yake. Akaenda tena Baghdadi mwaka 195, kisha akahamia Misri mwaka 199 (815), akafundisha katika Msikiti wa Amr bin al-As mjini Fustati. Amesimulia al-Rabi kwamba baada ya sala ya alfajiri waliingia kwake watu wa Qur'ani. Jua likichomoza wakaondoka, wakaja watu wa Hadithi kumwuliza tafsiri na maana yake. Jua likipanda wakaja watu wa kujadiliana na kudurusu. Kisha watu wa lugha, na nahau, na mashairi, mpaka karibu na adhuhuri. Hakumwambia mtu wa lugha kwamba hapa hapana nafasi yake, wala hakumfanya mtu wa mashairi kuwa duni mbele ya mtu wa fiqhi.

Ya nne, nayo ndiyo inayonichoma mimi mwalimu, ni subira yake kwa mwanafunzi mzito. Al-Rabi bin Sulayman alikuwa mwadhini wa msikiti ule, wala hakuwa mwepesi wa kufahamu. Imepokewa kwamba Imamu alimkariria mas-ala moja mara arubaini asiifahamu, hata akainuka akaondoka kwa haya. Imamu hakumcheka wala hakumwacha. Alimwita faraghani, akaendelea kumkariria mpaka akafahamu. Na imepokewa kwamba alimwambia kuwa lau angaliweza kumlisha elimu kama chakula angalimlisha. Basi nini mwisho wake? Walikuwako wanafunzi wenye akili kali kuliko al-Rabi: al-Muzani alikuwa bingwa wa hoja, na al-Buwayti ndiye aliyekaa mahali pa Imamu baada yake, mpaka akafia gerezani Baghdadi katika minyororo mwaka 231. Lakini aliyeishi miaka mingi, aliyevihifadhi na kuvipokeza vitabu vya Imamu, na katika hivyo ni al-Umm, ni huyu al-Rabi aliyekuwa mzito. Alifariki mwaka 270 (884), na watu walikuwa wakifunga safari kumwendea kutoka nchi za mbali. Laiti Imamu angalichoka katika mara ya thelathini na tisa, vitabu vile vingalitufikia kwa mkono gani?

Kufariki kwake

Miaka yake ya Misri ilikuwa michache, na aliipitisha katika maradhi yaliyomtoa damu nyingi, naye hakuacha kufundisha wala kuandika. Humo aliviandika upya vitabu vyake, akarejea katika kauli zake za zamani alizoona dalili yenye nguvu zaidi. Na kurejea katika haki hakukumpunguzia daraja. Akafariki usiku wa kuamkia Ijumaa, siku ya mwisho ya Rajabu mwaka 204, nao ni Januari mwaka 820, na umri wake ni miaka 54 ya Hijra. Imepokewa kwamba jeneza lake lilipitishwa nyumbani kwa Sayyida Nafisa, mwanamke mwenye elimu na ibada wa kizazi cha Mtume, naye akamsalia. Akazikwa Karafa.

Karne nyingi baadaye Sultani Salahuddin alijenga madrasa karibu na kaburi lake, mwaka 572 (1176), akaiwekea wakfu ili walimu na wanafunzi wapate riziki yao. Na kuba kubwa lililo juu ya kaburi lilijengwa mwaka 608 (1211). Mtu aweza kulistaajabia kuba. Mimi naistaajabia zaidi ile madrasa, kwani iliyoheshimu khabari ya Imamu ni ile iliyomlisha mwanafunzi.

Elimu yake ikatembea kwa merikebu kama ilivyotembea kwa ngamia. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wanafuata madhehebu ya Shafi. Na hapa pwani yetu wamepita wanavyuoni walioshika mwendo ule ule. Habib Saleh, aliyefariki Lamu mwaka 1935, aliwafungulia darasa watumwa na waliotoka utumwani na wageni wasio na jina, wakati ambapo wakubwa wengi waliona elimu si haki ya watu kama hao. Alichukiwa na baadhi ya watu kwa jambo hilo, na leo Riyadha ni mahali panapoendewa na watu kutoka pande zote.

Khatima

Mwalimu mmoja alinijibu, nilipomsomea haya, kwamba mwalimu naye ana tumbo na watoto. Kweli amesema. Katika madhehebu yetu yajuzu mwalimu kupokea ujira kwa kufundisha Qur'ani, na asiyemlipa mwalimu hali anaweza amemdhulumu. Siwaambii walimu wafe njaa. Nasema kwamba ada ni deni la mji, isiwe ni kufuli la mtoto. Mwalimu wa Makka alifungua mlango kwa hiari yake, lakini mlango ule hukaa wazi kwa mkono wa wengi: mwenye duka atoe ada za watoto wawili, mwenye nyumba aweke chumba kimoja wakfu, mwenye vitabu aviazime, na asiye na kitu awe kama Imamu utotoni mwake, awasomeshe wenziwe alichokihifadhi. Na msimamizi wa madrasa asilisome jina la mtoto mbele ya wenziwe kwa sababu ya ada, kwani mtoto huisahau njaa wala haisahau aibu.

Ama mimi, asubuhi ya usiku ule nilitoka kumtafuta yule mama. Sikuijua nyumba yake. Siku ya tatu nikamwona mtoto sokoni, anawabebea watu vikapu kwa ujira mdogo. Nikamfuata mpaka kwao, nikamwomba mama yake radhi, naye akanisamehe kwa maneno mazuri kuliko niliyostahili. Mtoto akaingia chuoni siku ya pili yake. Sina la kutabiri juu yake. Anasoma, na nikiinuka kwenda kutia udhu namwachia awakaririshe wadogo alfabeti, na sauti yake huisikia mpaka kisimani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Shafi, na mama yake, na mwalimu yule aliyeridhika bila ya ada. Na atusamehe sisi tuliowarudisha watoto mlangoni, na atupe nafasi ya kuwaita kabla hawajafika mbali. Amin.